Simu ni ya mnunuzi, ufunguo ni wa nani?

WAKAZI wa wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga wanaponunua simu janja dukani hukabidhiwa simu, chaja na risiti. Kwa desturi za biashara, risiti hiyo ndiyo ushahidi kwamba mali imetoka mikononi mwa muuzaji na kuingia mikononi mwa mnunuzi.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa leo hakabidhiwi, nalo ni uwezo wa kuamua simu hiyo iendeshwe na mfumo gani. Uwezo huo hubaki kwa mtengenezaji aliyeko Shenzhen au Seoul, kwa kampuni ya Google iliyoko California na, mara nyingi siku hizi, kwa kampuni iliyomkopesha mnunuzi simu hiyo.

Kwa mtazamo wa haraka suala hili linaweza kuonekana kuwa ni la wataalamu wa kompyuta wa mijini. Ukweli ni kwamba linamgusa zaidi mwananchi wa kipato cha chini. Yeye ndiye anayelazimika kuitumia simu moja kwa miaka mingi, ndiye anayenunua simu iliyokwishatumika, na ndiye anayeipeleka kwa fundi badala ya kununua nyingine.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi ndani ya simu. Kwa simu janja nyingi zinazouzwa nchini, mfumo huo ni Android unaosimamiwa na Google, na kwa simu za iPhone ni iOS ya kampuni ya Apple. Mbali na hiyo miwili ipo mifumo mbadala, kama vile LineageOS, GrapheneOS na /e/OS, ambayo hutengenezwa na vikundi vya wataalamu wa nchi mbalimbali na kutolewa bure.

Faida yake kubwa ni kwamba simu iliyokwisha kutelekezwa na mtengenezaji wake inaweza kupata toleo jipya na kinga mpya dhidi ya wadukuzi. Kwa maneno mengine, simu ya miaka sita iliyopita inaweza kuendelea kumfaa mwenye nayo badala ya kutupwa.

Ili kuweka mfumo huo, ni lazima kwanza kufungua programu ndogo inayoiwasha simu, ambayo mafundi huiita butiloda. Hapo ndipo lilipo kufuli la kwanza.

Kufuli la mtengenezaji

Google iliinunua kampuni iliyoanzisha Android mwaka 2005, na simu ya kwanza ya mfumo huo iliingia sokoni mwaka 2008. Sifa kubwa iliyoutofautisha na iOS ilikuwa uwazi. Msimbo chanzo wake ulitolewa hadharani, na yeyote aliruhusiwa kuuchukua, kuubadili na kuutumia.

Kutokana na uwazi huo lilizaliwa kundi la CyanogenMod, ambalo mfumo wake ulitumiwa na mamilioni ya watu. Lilipovunjika mwishoni mwa mwaka 2016, kazi yake ilirithiwa na LineageOS.

Mambo yalianza kubadilika taratibu. Mwezi Mei 2018, kampuni ya Huawei ilitangaza kwamba ingeacha kutoa namba za siri za kufungulia butiloda za simu zake. Xiaomi, ambayo kwa muda mrefu ilisifiwa na mafundi kwa ulegevu wa masharti yake, iliyakaza baada ya kuanzisha mfumo wake wa HyperOS mwaka 2023. Mwaka 2025, Samsung iliondoa kabisa sehemu ya kufungulia butiloda katika simu zinazotumia toleo la One UI 8, hata katika masoko ambako hapo awali ilikuwa ikiruhusiwa.

Google yenyewe nayo imebadili mwenendo. Mwezi Machi 2025 ilitangaza kwamba kazi yote ya kuiendeleza Android ingefanyika faraghani, na msimbo chanzo kutolewa hadharani baada tu ya toleo kukamilika. Miezi michache baadaye, ilipotoa msimbo wa Android 16, haikuambatanisha mafaili ya simu zake za Pixel ambayo watengenezaji wa mifumo mbadala walikuwa wakiyategemea kwa miaka mingi.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi iliyopiga marufuku mifumo mbadala moja kwa moja. Lakini zikijumlishwa pamoja, zinamfanya mtu wa kawaida ashindwe kuifikia.

Kufuli la uthibitisho

Tuseme mwananchi wa Korogwe amefanikiwa kupata simu inayofunguka, na fundi amemwekea mfumo mbadala. Atakutana na kufuli la pili, ambalo halimo ndani ya simu bali liko mtandaoni.

Google huwapa watengenezaji wa programu tumishi huduma iitwayo Play Integrity. Kupitia huduma hiyo, programu ya benki au ya malipo inaweza kuuliza iwapo simu inayotumika ina mfumo uliothibitishwa na Google. Ikiwa jibu ni hapana, programu inaweza kukataa kufanya kazi. Tangu mwaka 2025 vigezo vya huduma hiyo vimekazwa zaidi kwa simu za matoleo mapya, kwa kudai uthibitisho unaotoka ndani ya kifaa chenyewe.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba swali linaloulizwa si kama simu ni salama, bali kama imeidhinishwa. Simu yenye GrapheneOS, mfumo unaosifiwa na wataalamu wengi kwa ulinzi wake, hushindwa kupata alama za juu za uthibitisho huo. Wakati huohuo, simu ya zamani isiyopata kinga mpya kwa miaka kadhaa inaweza kufaulu angalau katika viwango vya chini vya uthibitisho, kwa kuwa tu haijaguswa tangu itoke kiwandani.

Mwezi Agosti 2025 Google ilikwenda hatua nyingine mbele. Ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, katika nchi za Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, programu zitakazowekwa kwenye simu zilizoidhinishwa zitapaswa kutoka kwa mtengenezaji aliyejitambulisha kwake kwa jina, anwani na namba ya simu, hata kama programu hiyo haipitii katika duka la Google. Nchi nyingine zilipangiwa kufuata kuanzia mwaka 2027.

Tangazo hilo lilipingwa vikali na F-Droid, duka huru la programu zenye msimbo wa wazi. Mwezi Novemba mwaka huohuo Google ililegeza kamba kidogo, ikaahidi kuweka njia maalumu kwa watumiaji wazoefu watakaokubali kubeba hatari wenyewe, pamoja na utaratibu mwepesi kwa wanafunzi.

Kijana wa Handeni anayejifunza kutengeneza programu na kuwagawia wenzake kwa njia ya Bluetooth ana kila sababu ya kulifuatilia jambo hilo. Kile ambacho kwa miaka mingi kilikuwa haki ya kila mwenye simu kinageuka kuwa kibali kinachoombwa.

Kufuli la mkopo

Kufuli la tatu ndilo linalofahamika zaidi vijijini. Mwezi Julai 2020, kampuni ya Safaricom ya Kenya ikishirikiana na Google ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, uliomwezesha mteja kuchukua simu janja na kulipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Kampuni ya M-KOPA nayo imekuza biashara ya aina hiyo katika nchi kadhaa za Afrika. Nchini Tanzania pia, simu za mkopo zimekuwa jambo la kawaida madukani.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Ndani ya simu huwekwa programu ya kufungia, na mteja akichelewesha malipo, kioo hujifunga hadi atakapolipa. Kufuta kila kitu na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakusaidii, kwa kuwa kufuli limefungamanishwa na utambulisho wa simu katika kumbukumbu za mkopeshaji.

Ni wazi kwamba utaratibu huu umefungua mlango kwa watu ambao benki isingewatazama. Kibarua wa shamba la mkonge la Mwelya au Magoma, au dereva wa bodaboda wa Mkata, hana hati ya nyumba ya kuweka rehani. Simu yenyewe ndiyo dhamana. Bila kufuli, mkopeshaji asingethubutu kumkabidhi.

Kwa hiyo, katika kipindi cha deni, ni haki mkopeshaji kuzuia simu isibadilishwe mfumo. Swali linaanza siku ambayo senti ya mwisho imelipwa. Je, kufuli linaondolewa lote, au linalala tu? Nani anamthibitishia mteja kwamba simu imekuwa yake kwa asilimia 100? Na mkopeshaji akifunga biashara, nani atabaki na ufunguo?

Mkataba ambao haujibu maswali hayo kwa lugha inayoeleweka unamuuzia mteja kitu ambacho hakitakuwa chake kikamilifu. Aidha, mteja wa namna hiyo akija kuiuza simu yake, mnunuzi wa pili huwa amenunua mgogoro asioujua.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Wapo wanaodhani kwamba kubadili mfumo wa simu ni kosa kisheria. Dhana hiyo inatokana na kuchanganya mambo mawili.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inazungumzia namba tambulishi ya kifaa, yaani IMEI, ambayo mtu huiona akibonyeza *#06#. Sheria hiyo iliweka msingi wa rajisi kuu ya namba hizo, na inakataza kuichezea au kuibadili namba ya simu.

Ni kwa msingi huo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia katikati ya mwezi Juni 2016. Kabla ya siku hiyo wananchi walitakiwa kuhakiki simu zao kwa kutuma namba hiyo kwenda 15090. Wengi walioshindwa kufanya hivyo walijikuta na vifaa visivyoshika mtandao.

Kubadili mfumo endeshi ni jambo jingine kabisa. LineageOS haigusi IMEI. Simu hubaki na utambulisho uleule, laini hubaki imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA kama inavyotakiwa tangu zoezi la mwaka 2019 na 2020, na vyombo vya dola vikiitafuta vitaipata vilevile.

Kinachotatiza ni kwamba mtaani kazi zote hizo hubeba jina moja, yaani kuflashi. Fundi anayefufua simu iliyogoma kuwaka, anayeweka mfumo mbadala kwa ridhaa ya mwenye simu, anayekwepa deni la mkopo, na anayefuta utambulisho wa simu ya wizi, wote huitwa wameflashi. Wawili wa kwanza ni watoa huduma halali. Wawili wa mwisho wanavunja mkataba au sheria ya nchi.

Sheria isiyotofautisha wala kuelimisha huwaweka wote katika kapu moja, na mwishowe fundi mwaminifu ndiye anayeogopa.

Hoja ya usalama

Haitakuwa haki kuyaeleza makufuli haya kama njama tupu. Watengenezaji wana hoja, na baadhi yake zina uzito.

Kwanza ni wizi. Simu inayoweza kufutwa na kuwekwa mfumo mwingine kwa urahisi ni bidhaa nzuri kwa mwizi. Tangu mwaka 2015 Android imekuwa na kinga inayodai akaunti ya mwenye simu baada ya kufutwa, na kinga hiyo ingekosa maana iwapo butiloda ingekuwa wazi kwa kila mtu.

Pili ni utapeli. Mtanzania hahitaji kuelezwa madhara ya ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa mtandao bila leseni. Wakopeshaji wa mtandaoni wa aina hiyo walikuwa wakilalamikiwa kwa kuchota majina na namba zilizomo katika simu za wateja na kuwadhalilisha kwa ndugu na marafiki. Kumtaka mtengenezaji wa programu ajulikane ni nani kunaweza kusaidia kupunguza uovu huo.

Lakini hoja hizo hazifiki mbali kama zinavyodhaniwa. Mwizi huzuiwa kwa kumtaka mwenye simu athibitishe umiliki wake kabla ya kufungua, utaratibu ambao baadhi ya watengenezaji waliutumia kwa miaka mingi. Hakuna ulazima wa kumfungia nje mwenye mali pia.

Isitoshe, usalama unaotegemea mtengenezaji pekee una udhaifu wake. Mwezi Agosti 2020 iliripotiwa kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu hatarishi ya Triada zikiwa mpya. Programu hiyo ilikuwa ikiandikisha wateja katika huduma za kulipia bila wao kujua. Kampuni mama, Transsion, ilisema tatizo lilitokana na mzabuni katika mnyororo wa ugavi.

Mteja aliyekuwa na simu ya namna hiyo hakuweza kuondoa tatizo kwa kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, kwa sababu kiwandani ndiko lilikotoka. Dawa ilikuwa kuweka mfumo safi. Ikiwa butiloda imefungwa na ufunguo anao aliyekosea, mteja anabaki kumsubiri huyohuyo amsaidie.

Gharama kwa Handeni na Korogwe

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha hupita Mkata, Segera, Korogwe na Mombo, na bidhaa za Kariakoo hufika huko kwa basi ndani ya siku moja. Simu zinazofika kwa wingi ni za bei nafuu za Tecno, Itel na Infinix, zote za Transsion, pamoja na simu zilizokwishatumika kutoka Dubai na kwingineko.

Makundi yote mawili yana tatizo moja: umri mfupi wa huduma. Simu za kifahari kama Google Pixel 8 ya mwaka 2023 na Samsung Galaxy S24 ya mwaka 2024 ziliahidiwa masasisho ya miaka saba. Ahadi kama hiyo haiji na simu ya bei ya chini, ambayo hupata masasisho machache, na pengine isipate toleo jipya hata moja. Nayo simu ya mtumba hufika wakati sehemu kubwa ya miaka yake imekwisha kutumika Ulaya au Marekani.

Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinawataka watengenezaji kutoa masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya simu kuacha kuuzwa. Tanzania haina kanuni ya aina hiyo. Kwa mantiki hiyo, mfumo mbadala ungekuwa mkombozi mkubwa zaidi huku kuliko huko.

Hata hivyo, ni lazima kusema ukweli kwamba kufuli si kikwazo pekee. Orodha ya simu zinazohudumiwa na LineageOS imetawaliwa na Google, Samsung, Xiaomi, Motorola na OnePlus. Simu za bei nafuu zinazotawala soko la Afrika karibu hazimo, kwa sababu taarifa za kiufundi za vifaa vyake ni adimu na wataalamu wa kujitolea wanaoishi nazo ni wachache. Kwa hiyo hata kufuli likiondolewa kesho, mkazi wa Handeni hatapata nafuu kesho. Lakini kufuli likiachwa, hata mtaalamu wa Kitanzania atakayejitokeza kesho hatakuwa na pa kuanzia.

Lipo pia somo la KaiOS. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania iliingiza sokoni simu ya Smart Kitochi yenye mfumo huo, ambao ulitokana na Firefox OS ya shirika la Mozilla. Ilikuwa simu ya vitufe, ya bei nafuu, na ilikuwa na WhatsApp. Kwa mkazi wa kijijini, hapo ulikuwapo mfumo mbadala halisi usioegemea Android wala iOS.

Katikati ya mwaka 2024, WhatsApp iliacha kupatikana kwa watumiaji wapya wa KaiOS, na mapema mwaka 2025 huduma ikakatwa hata kwa waliokuwa nayo. Simu hazikuharibika, na mfumo haukupigwa marufuku na serikali yoyote. Uamuzi wa mwenye programu moja ulitosha kuziondolea thamani.

Kinyume chake, huduma za fedha zimenusurika. Mtu mwenye kitochi cha kawaida bado anabonyeza *150*00# na kutuma pesa kwa M-Pesa, na mfumo wa simu yake hauulizwi. Mkulima wa mahindi wa Handeni aliyesajiliwa katika mpango wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/2023 alipata namba yake kwa ujumbe mfupi, na simu yoyote ilitosha.

Huo ndio uwazi unaopaswa kulindwa. Siku huduma hizo zitakapohamia zote kwenye programu tumishi zinazodai uthibitisho wa Google, kampuni ya kigeni itakuwa ndiyo inayoamua ni Mtanzania gani anaweza kupokea mbolea ya ruzuku na ni nani hawezi.

Wengine wamefanya nini?

Suala hili limekwisha kufikishwa mbele ya vyombo vya ushindani duniani. Mwezi Julai 2018, Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwazuia watengenezaji waliotaka programu zake kuuza simu yoyote yenye Android iliyobadilishwa. Mwaka 2022 mahakama ilipunguza faini hiyo hadi euro bilioni 4.125, lakini ilikubaliana na sehemu kubwa ya hoja.

Korea Kusini ilichukua hatua kwa kosa linalofanana na hilo mwezi Septemba 2021, na India ikafuata mwezi Oktoba 2022. Nchini Marekani, tangu mwaka 2010, kufungua mfumo wa simu ya mtu mwenyewe kumekuwa kukisamehewa katika sheria inayolinda hakimiliki za kidijitali.

Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani (FCC). Inayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni kuliona suala hili kuwa ni la mlaji, badala ya kuliacha liwe gumzo la mafundi.

Nini kifanyike

Kwanza, TCRA ambayo huidhinisha aina za simu zinazoingia nchini inaweza kumtaka mwagizaji aandike wazi kwenye boksi mambo mawili: masasisho ya usalama yatatolewa hadi mwaka gani, na butiloda inafunguka au haifunguki. Mnunuzi wa Korogwe akijua kabla ya kulipa, soko lenyewe litaanza kusema.

Pili, simu za mkopo ziwe na sharti la hati ya ukombozi. Deni likiisha, mkopeshaji aondoe kufuli lote katika simu na katika kumbukumbu zake, na ampe mteja uthibitisho wa maandishi.

Tatu, huduma za umma zibaki na njia ya ujumbe mfupi au menyu za simu za kawaida, na programu za Serikali zisifungwe kwa simu ambayo haijathibitishwa na kampuni binafsi.

Nne, vyuo vya VETA na TCRA viwafundishe mafundi tofauti kati ya kubadili mfumo na kubadili IMEI, na fundi anayefanya kazi halali alindwe. Vibanda vya mafundi ndivyo vinavyorefusha maisha ya simu katika miji kama Korogwe na Handeni, na ndivyo vinavyowapa vijana wengi riziki.

Serikali imekwisha kutumia fedha nyingi ili simu janja ziwafikie wananchi. Mwaka 2023 ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano vijijini. Kabla ya hapo, katika bajeti ya 2021/22, ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, msamaha uliofutwa mwaka uliofuata.

Mnara bila simu inayofanya kazi hauna maana kwa mwanakijiji. Na njia nafuu kuliko zote ya kuongeza simu zinazofanya kazi ni kuzuia zilizopo zisife kabla ya wakati wake. Hilo halihitaji msamaha wa kodi wala mkopo wa Benki ya Dunia. Linahitaji mwenye simu apewe ufunguo wa kitu alichokwisha kukilipia.